Si mada, wala si nyeusi

Msomaji anauliza iwapo galaksi "huzunguka" au "hujizungusha", naye ananukuu sentensi iliyomtatiza: "Mada nyeusi huizungusha galaksi." Inayokusudiwa ni ile inayoitwa "dark matter" kwa Kiingereza.

Swali lake lina jibu fupi. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa kuwa ni gimba moja lililoshikamana. Galaksi ni mabilioni ya nyota, kila moja ikishika njia yake kukizunguka kitovu, na Jua letu huchukua takriban miaka milioni 230 kukamilisha mzunguko mmoja. Tuseme, basi, "huzunguka".

Sentensi yenyewe ndiyo inayonikera. "Mada" ni jambo linalozungumzwa. Kitu chenye tungamo ni "maada". Asili yao ni neno moja la Kiarabu, lakini Kiswahili kimekwisha kuyatenganisha, na mwandishi wa sayansi hana ruhusa ya kuyachanganya upya. Kuhusu "nyeusi" siwezi kabisa kunyamaza. Kitu cheusi hufyonza mwanga, na ndiyo sababu tunakitambua: wino mweusi husomeka juu ya karatasi nyeupe. Ndani ya galaksi yetu yamo mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake, yakaonekana kama mabaka meusi angani. Hayo ndiyo yanayostahili kuitwa meusi, nayo ni maada ya kawaida tu! Kile ambacho mwanaastronomia Fritz Zwicky alikibaini mwaka 1933 katika kundi la galaksi la Coma hakitoi mwanga, hakiufyonzi wala hakiuakisi. Mwanga hukipita kana kwamba hakipo. Weusi wake uko wapi?

"Huizungusha" nayo inapotosha, kwa sababu kauli ya kutendesha inaifanya maada hiyo kuwa msukumaji. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford, katika vipimo vya galaksi ya Andromeda walivyochapisha mwaka 1970, walikuta mawingu ya gesi ya pembezoni yakienda kwa kasi isiyopungua, kinyume cha ilivyotarajiwa, ilhali, kwa kufuata maada inayoonekana, yalipaswa kwenda polepole, kama Neptuni, sayari iliyo mbali na Jua, inavyokwenda polepole kuliko Utaridi iliyo karibu nalo. Maelezo yanayokubaliwa na wanafizikia wengi ni kwamba mvutano wa maada tusiyoiona ndio unaoyazuia yasitawanyike. Haisukumi, inashikilia.

Ningependa tuandike "maada isiyoonekana". "Maada ya giza" imekwisha kuenea nami naivumilia, kwa kuwa giza angalau huficha. "Mada nyeusi" nitaikata kwa kalamu nyekundu kila nitakapoikuta.