Mpira gani?

Msomaji wa Buguruni kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Karakana yetu inatengeneza silinda za haidroliki za vijiko, yale magari ya kuchimbia. Kile kinachokaa kwenye rodi kuzuia oili isivuje, mmoja anasema sili, mwingine pakingi, fundi mkuu anasema mpira. Kipi sahihi?"

Marahaba mwanangu. Sema sili. Sili hii, sili hizi, kama silinda tu, na usiongeze ma- mbele. Tumeitoa kwa Kiingereza na imeshakuwa yetu, pakingi vilevile, ila pakingi mi naiachia ile kamba ya kusokotwa inayoshindiliwa kwenye pampu ya maji pale shafti inapotokea.

Sasa huo mpira ndo unaonikera miaka yote. Mpira asili yake ni mti na utomvu wake, ndo maana mpira mipira kama mti miti, ukaja wa kuchezea, leo mpira ni bomba la kumwagilia bustani, ni oringi ile pete ya kuzibia, ni tyubu, ni sili, yaani chochote kinachovutika. Unamtuma kijana Gerezani kachukue mpira wa rodi, muuzaji anauliza mpira gani, kijana anajibu ule mweusi. Mweusi! Mpira wa sili una aina nyingi: naitraili nyeusi, EPDM nyeusi, na Viton nyingi nazo nyeusi, ukizishika hutofautishi. Lakini naitraili inaelewana na oili ya haidroliki mpaka joto la kama digrii 100, Viton inakaribia 200, EPDM ukiitia kwenye oili hiyohiyo inavimba, yenyewe kwao ni maji ya moto na mafuta ya breki. Na Teflon wanaiita mpira mweupe wakati ni plastiki kabisa, iligunduliwa Marekani mwaka 1938.

Kuna jeki ya jirani yangu Tabata, fundi aliambiwa weka mpira, akakata tyubu ya gari akaweka. Alifanya alichoambiwa! Ilivyofunguliwa niliishika ile sili mwenyewe, imevimba, laini kama andazi lililolowa chai, nikibonyeza kidole kinaacha shimo na kinatoka cheusi. Jeki ilikuwa inashuka taratibu yenyewe, gari juu, mtu chini yake. Yote kwa sababu ya neno moja bovu.

Na oili sili nayo msiichanganye humo, ile ni ya shafti inayozunguka na haitaki presha kubwa, wakati kijiko kinasukuma zaidi ya bar 300, rodi inaingia na kutoka, kwa hiyo sema sili ya rodi.

Dukani sema hivi: sili ya rodi, ya poliyurethani, 50 kwa 60 kwa 10, yaani milimita za kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, maana poliyurethani ndo haisagiki haraka kwenye rodi, ila maji ya moto yanaiharibu, kwa hiyo taja na kinachopita kwenye silinda. Fundi wako mkuu kama ana umri wangu sitegemei abadilike, mwacheni aseme mpira, ila wewe unayeandika oda andika sili.