Usingizi una kina? Na bibi karukwa na akili?

SWALI: Bibi yetu wa Kisauni alivunjika nyonga akapasuliwa. Kabla ya hapo tulipewa karatasi iliyosema daktari wa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa, "atafuatilia kina cha usingizi ili mgonjwa asichanganyikiwe". Usiku wa pili bibi akawa anamwita marehemu babu na kung'oa mpira wa dripu. Ami anasema karukwa na akili. Mie nasema anaweweseka. Nani kapatia? Na usingizi una kina?

JIBU: Nyote mmekosa, ila wewe umekosa kidogo. Kuweweseka ni kusema ovyo usingizini, na bibi alikuwa macho. Kurukwa na akili ni wazimu. Neno hilo likishatamkwa wodini, jamaa huanza kunong'ona habari za majini. Karatasi imepatia: bibi kachanganyikiwa. Mimi ningeongeza "ghafla", maana kusahausahau kwa uzeeni huja polepole, miezi na miaka, lakini huku huzuka saa chache au siku chache baada ya upasuaji. Asubuhi mzima, magharibi hajui yuko wapi. Wala si lazima mtu apayuke. Wako wazee wanaochanganyikiwa kimyakimya, wamejilalia tu, na hao ndio wasiogunduliwa.

Kina waachieni bahari. Usingizi wetu huwa mzito au mwepesi, na alalaye fofofo twasema ana usingizi wa pono. Basi andikeni "kupima uzito wa usingizi". Vibandiko huwekwa kwenye paji la uso, mashine ikasoma mawimbi ya ubongo na kutoa namba kati ya 0 na 100. Aliye macho hukaribia 100. Kwenye upasuaji hutakiwa 40 hadi 60. Ikishuka chini ya hapo, huenda dawa imezidi, na mzee hahitaji dawa nyingi kama kijana.

Kosa kubwa la karatasi, kwa maoni yangu, ni hilo "ili asichanganyikiwe". Hiyo ni ahadi, na kipimo hakiwezi kuahidi. Utafiti wa Hong Kong wa 2013, kwa wagonjwa 921 wa miaka 60 na zaidi, ulikuta daktari akifuata kipimo hicho, waliochanganyikiwa hupungua kutoka kama 24 hadi 16 katika kila 100. Ule wa Marekani wa 2019, wenye wagonjwa 1,232, haukuona kuchanganyikiwa kumepungua. Ingetosha "ili kupunguza uwezekano wa kuchanganyikiwa".

Isitoshe, nusukaputi si ganzi: aliyepigwa ganzi ya mgongo aweza kukaa macho akisikia madaktari wakizungumza.

Ami akienda wodini, asiseme "karukwa". Aseme: "Jana asubuhi alikuwa sawa, tangu magharibi amechanganyikiwa." Muuguzi akisikia hivyo ataangalia maumivu, homa, mkojo uliozuilika, upungufu wa maji na dawa alizopewa. Na kama miwani ya bibi ilibaki Kisauni, mpelekeeni. Asiyeona vizuri huchanganyikiwa upesi.