Unataka kutangaza wanyamapori kwenye TV? Anza kwa kukaa kimya

Mdogo wangu, umesema umemaliza kidato cha sita, uko Temeke, unataka kutangaza vipindi vya wanyamapori kwenye TV, na hujui usome uandishi wa habari au uende Mweka, kile chuo cha wanyamapori kule Moshi. Wadau wengi wamekushauri uandishi. Mimi nasema Mweka, na leseni ya udereva juu yake.

Nilikuwa dereva wa watalii Arusha. Nikapata deiwaka ya wiki sita kumwendesha mpiga picha mmoja, mzee wa kizungu, kule Ndutu upande wa Ngorongoro, mwezi wa pili nyumbu wanapozaa. Nilidhani kazi ni kuendesha, kumbe ni kukaa. Mkishampata duma asubuhi, mnashinda naye. Amelala, na nyie mmetulia. Lenzi ndefu ikiwa kazini hata kujikuna ni kosa, maana gari likitikisika kidogo tu, kwenye picha ni tetemeko la ardhi.

Siku ya nne, kama saa tisa mchana, duma jike alikuwa juu ya kichuguu. Akainua kichwa. Nikaona swala tomi kwa mbali, nikajifanya mjuaji, nikawasha injini ili tusogee pazuri. Duma akageuka kututazama, swala wakashtuka, habari ikaishia hapo. Mzee hakunigombeza. Alifunika lenzi, akamimina chai, hakutoa neno mpaka kambini. Bora angenitukana!

Kuanzia hapo nikawa namsoma mnyama: masikio, mabega, ncha ya mkia. Wiki ya tano nikamnong'oneza mzee, "Anatoka sasa hivi." Kamera ikageuka kabla duma hajanyanyuka. Msimu uliofuata waliniulizia kwa jina.

Mbele ya kamera nilifika kwa bahati. Mtangazaji aliugua, muda wa kibali unakwisha, wakauliza nani anaweza kueleza kwa nini nyumbu huzalia pale. Nikaeleza: yale majani mafupi yameota kwenye majivu ya volkano, yana madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Sauti ilitetemeka, shati lina vumbi, lakini walikitumia kile kipande.

Mwangalie Dkt. Paula Kahumbu wa Kenya. Kabla ya kuendesha kipindi cha Wildlife Warriors alishasoma tembo hadi uzamivu. Kushika maikrofoni utafundishwa, hata kwa mwezi.

Kuhusu pesa: msimu ukiwepo unakula vizuri, usipokuwepo unarudi kubeba watalii. Kuna kampuni ilinizungusha miezi mitano kwa sababu tulikubaliana kwa mdomo tu. Dai karatasi kabla hujapanda gari.

Wakati unasubiri chuo, hapo Temeke kunguru hamkosi. Chagua mmoja, kaa naye kuanzia asubuhi hadi jioni, simu iache ndani. Kisha rudi hapa utuambie umeona nini.