Risiva ya Zamani Husomwa Mgongoni

Risiva yangu ya kwanza niliisikia kwa sekunde nne hivi. Niliinunua Kampala kwa muuzaji wa mitumba ya Japani, nikaipakata kwenye taksi mpaka kwetu Bombo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Uso wake wote rangi ya fedha, nobu nzito za alumini, kioo kirefu cha stesheni. Nikaichomeka ukutani, nikabonyeza. Taa zikawaka kwa weupe wa kutisha, ndani kukanguruma, halafu ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Moshi ulitoka kwenye matundu ya juu taratibu, kama uvumba.

Baba mdogo, ambaye alitengeneza redio jeshini miaka mingi na Kiswahili chake bado ni cha kambini, alikuja akaigeuza. Hata pole hakunipa. Aliweka kidole kwenye kibati kidogo cha nyuma kilichoandikwa 100V.

"Umeangalia sura tu. Mgongo hukusoma?"

Umeme wetu Uganda ni volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Japani inataka 100, ya Marekani inataka 120. Hayo yameandikwa wazi nyuma yake, na mimi niliyekuwa nimeishika mapajani saa nzima sikuyasoma.

Kabla sijaendelea: nikisema risiva simaanishi king'amuzi cha televisheni. Ni ile mashine yenye redio na amplifaya ndani ya boksi moja, ya miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo unaiunganishia spika mbili na chochote unachotaka kusikiliza. Wazee wa hapa bado wanaiita kinanda.

Sasa hizo volti. Kuna mashine zilizotengenezwa kuuzwa nchi nyingi, nazo zina kichaguzi mgongoni: kisahani kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, chenye 110, 120, 220, 240. Ukipata ya namna hiyo, hata kama uso umekwaruzika, chukua. Ya pili yangu ilikuwa hivyo, Pioneer ndogo ya wati 15 kila upande, na kisahani kilikuwa kwenye 220. Tulikisogeza hadi 240, plagi ikiwa imechomolewa, kwa sababu usiku wa manane hapa kwetu umeme hupanda, nami sitaki kuipa mashine ya miaka karibu 50 mzigo wa bure.

Isiyo na kichaguzi itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapo watu wengi hukosea kidogo. Transfoma zinazopatikana madukani nyingi hushusha 240 kuwa 110. Kwa mashine ya Marekani hiyo inafaa. Kwa ya Japani ni nyingi: ukutani kukifika 250, inapata karibu 115 wakati ilitengenezwa kwa 100. Haitatoa moshi kama yangu, lakini itachemka jioni hadi jioni mpaka kitu kichoke. Tafuta ya 100 hasa, au mwambie fundi anayesuka transfoma akusukie, na uwezo wake uwe mara mbili ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa risiva.

Mashine ya Japani ina tatizo la pili ambalo transfoma hailiponyi. FM ya kule enzi hizo ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Mwenye gari lililoshuka kutoka Japani anaijua adha hii. Kati ya stesheni za Kampala utapata Sanyu kwenye 88.2 na CBS kwenye 88.8, halafu mshale unagonga ukuta. Capital kwenye 91.3 hutaiona. Kama utasikiliza simu na santuri tu, sawa. Kama unapenda redio kama mimi, angalia kioo cha stesheni kabla ya kutoa pesa: kifike 108.

Na kama unanunua na kinanda chenyewe cha kupigia sahani za santuri, uliza kama mota yake inategemea mzunguko wa umeme. Umeme wa Marekani ni Hz 60, wetu ni 50. Mota za zamani za aina hiyo zikiletwa huku huzunguka polepole, na sahani ya mizunguko 33 kwa dakika inakuwa kama 28. Rumba inasikika kama mwimbaji ameamshwa usingizini. Risiva yenyewe haijali sana hilo.

Siku tuliyoleta Pioneer hatukuiwasha. Baba mdogo alitaka balbu kwanza, ile ya zamani yenye uzi ndani, wati 60. Hizi za LED hazifai kwa kazi hii. Niliipata kwa mama anayeuza vifaa vya kuku, maana watu bado wanapasha vifaranga joto kwa balbu hizo. Akaiunga kwenye waya wa umeme, ili umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye risiva. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, mashine ni salama kuendelea. Ikiwaka na kubaki inang'aa, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Kama hujazoea kushika waya za ukutani, mpe fundi afanye. Ni kazi ya dakika 10.

Yetu iliwaka kwa nguvu, ikafifia. Nikataka kushangilia. Akaizima, akafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la kwetu, laini kama unga, bawa la mende, na kwenye kona karibu na transfoma mayai mawili ya mjusi, meupe, makubwa kama njugu, yamegandamana na bati. Mjusi anapenda joto la transfoma kama sisi tunavyopenda jiko wakati wa mvua. Tulipiga vumbi kwa brashi ya rangi, mpya na kavu. Zile kapasita kubwa mbili, zinazofanana na kopo la maziwa, usiziguse hata kama plagi imechomolewa, hutunza umeme. Sisi tuliiacha usiku kucha, na asubuhi bado baba mdogo alizipima kabla ya kuingiza mkono.

Kisha kile kilichoibadilisha mashine kuliko chochote. Nilipozungusha nobu ya sauti ilikuwa inakwaruza, krrr, na upande wa kushoto unapotea. Huo ni uchafu kwenye njia ya mkaa ndani ya nobu. Kuna dawa ya kopo ya kusafishia mguso wa vifaa vya umeme. Nunua hiyo hasa, usipulizie mafuta ya kulegezea bolti. Unatafuta kitundu kidogo nyuma ya nobu, unapuliza mara moja, halafu unazungusha mwanzo hadi mwisho mara 30, mashine ikiwa imezimwa. Fanya hivyo kwa besi, kwa mizani ya kushoto na kulia, kwa kila swichi. Mkono wenyewe utakwambia: mwanzo nobu inasugua, baadaye inateleza kama kitu kilichopakwa siagi. Subiri ikauke ndipo uwashe.

Hapohapo kwenye swichi, kuna kitufe kimoja kiitwacho TAPE MONITOR. Kikiwa kimebonyezwa, risiva inangoja sauti kutoka kwenye deki ya kaseti ambayo huna, basi inanyamaza kabisa. Nimeona risiva mbili zikiuzwa kama mbovu, na ubovu wote ulikuwa kitufe hicho. Bonyeza kitoke kabla hujakubaliana bei, ama, ukiwa na roho kama yangu, baada ya kukubaliana.

Kabla ya kufunga spika, chukua tesita, ile mita ya kupimia umeme, weka kwenye DC, pima pale spika zinapoingia, kila upande, mashine ikiwa inawaka na sauti imeshushwa hadi mwisho. Ukiona chini ya milivolti 50, funga spika zako. Ukiona volti nzima, chomoa, itakuunguzia spika. Nyingi hukaa kimya sekunde chache zikiwashwa kisha hulia "tak". Huo ni ulinzi unaosubiri mashine itulie ndipo uunganishe spika, usiogope. Yenye ulinzi huo isipolia kabisa, ndani kuna jambo.

Mgongoni tena: kuna nafasi za spika A na B, na maandishi ya ohm. Ukifunga jozi mbili za spika za ohm 8 na kuwasha A na B pamoja, mashine nyingi huona mzigo wa ohm 4. Soma kama inaruhusiwa. Waya mwekundu uende kwenye nyekundu pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inapotea na sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kusimama. Na sokota nyuzi za waya vizuri. Unyuzi mmoja unaogusa jirani yake unatosha kuua kilichoishi tangu kabla hujazaliwa.

Simu iunge kwenye AUX. Usiiweke kwenye PHONO ati kwa kuwa jina linafanana na foni. PHONO ni ya sindano ya santuri, ambayo hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo mashine huikuza sana na kuijaza besi. Simu ikipita pale inatoka imepasuka.

Nikimwambia kijana wa jirani kwamba hii ina wati 15, anacheka. Yeye ana spika ya dukani iliyoandikwa PMPO 5000. Hizo ni namba za kwenye boksi. Wati 15 za risiva ya zamani zilipimwa mfululizo, pande zote zikifanya kazi, na kwa sauti ya kawaida ya sebuleni hutumii hata mbili. Pia ukitoka 15 kwenda 30 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu. Kwa hiyo pesa uliyotaka kuongeza kwa ajili ya wati, peleka kwenye spika.

Na chumba. Sebule yangu ni ya saruji tupu, na siku za kwanza kila kitu kilisikika kama tangazo la stendi ya basi. Mkeka mkubwa sakafuni na pazia zito nyuma ya kochi vilifanya kazi kubwa. Spika nilizitoa kwenye kona, nikazipandisha juu ya matofali mpaka spika ndogo ya juu ikafika usawa wa sikio la mtu aliyekaa, na chini nikaweka vipande vya ndala zilizochakaa ili matofali yasitetemeke. Mama watoto alisema inafanana na nyumba inayojengwa. Nimeyafunika kwa kitambaa.

Antena ni kitu ambacho watu hukipuuza halafu wakalaumu redio. Mimi natumia waya bapa wa umbo la T, upana wake mita 1.5, yaani sentimita 75 kila mkono, umeunganishwa kwenye zile skrubu za ohm 300. Kampala iko kusini mwetu, kwa hiyo mikono ya T inaelekea mashariki na magharibi, juu ukutani. Ukisikia mvumo kama mchele unaopepetwa, bonyeza MONO, utapungua sana. Kwenye MW, yaani mawimbi ya kati, kelele nyingi hutoka nyumbani mwako mwenyewe: chomoa chaja ya simu na uzime balbu za LED, usikie tofauti. Kama unatumia sola, inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi safi huifanya transfoma ya risiva ilie "mmm" muda wote. Nilivumilia wiki moja, nikaacha. Sasa naiwasha kwa umeme wa kawaida tu.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano; mara nyingi hurudi kwa kishindo na kukatika tena.

Mimi husikiliza baada ya isha, watoto wamelala, kwa sauti ya chini. Sikio letu hupoteza besi sauti inapokuwa ndogo, na kitufe cha LOUDNESS kiliwekwa kwa ajili hiyo. Nakibonyeza usiku, mchana sauti ikiwa kubwa nakitoa, maana hapo kinaivimbisha tu.

Juzi baba mdogo alikuja bila taarifa, akakaa mbele yake, akafumba macho. Alishika nobu ya stesheni kwa vidole viwili, akaisukuma ikateleza yenyewe, akaizuia kwa kidole gumba juu ya 88.8 bila kutazama. Taarifa ya habari ilikuwa inaanza. Haikufika katikati, radi ikapiga upande wa Wobulenzi. Aliinuka mwenyewe, akachomoa plagi, akachomoa na waya wa antena, akarudi kukaa. Mvua ikaanza kwenye mabati.

"Lete chai," akasema.