Kazini nachanganya hesabu, nyumbani nimenuna: ndio uzee?

*Dada, mimi ni karani wa mizani kituo cha karafuu huku Wete, umri miaka 52. Juzi nimeandika kilo 48 badala ya 84, mwenye karafuu akanijia juu mbele za watu. Mchana nasinzia, hasira ziko karibu, na kwa mke wangu sina hamu tena. Usiku naamka mara tatu kwenda haja ndogo. Mwenzangu anasema ndio ukomo wa wanaume, ananihimiza ninywe vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume. Nifanyeje?*

Kaka yangu, pole. Kufokewa mbele ya wakulima wanaokujua kunauma.

Mwenzako hakukosea kote. Homoni ya kiume, testosteroni, hupungua taratibu, kama asilimia 1 kwa mwaka mtu akishaukaribia umri wa miaka 40. Lakini haikatiki kama homoni za mwanamke anapokoma hedhi, na wanaume wengi huifikia 60 kazi zao hazijatetereka. Ikishuka mno ndipo huja uchovu, hamu kupotea, moyo kuwa mzito na akili kutotulia kwenye tarakimu. Ila kisukari, usingizi mbovu na sonona huleta hayo hayo.

Kilichonishtua mimi ni huko kuamka mara tatu. Kiu je, unayo? Unakoroma hadi pumzi zinakatika? Muulize mkeo, yeye ndiye anayekusikia. Kapime sukari na presha wiki hii, na la chumbani usimfiche daktari. Akitaka kupima testosteroni, damu hutolewa asubuhi, kabla ya saa nne, maana mchana hushuka yenyewe. Ikionekana ndogo, hurudiwa siku nyingine. Matibabu ya kuongeza homoni yapo, kwa usimamizi wa daktari tu. Hupunguza mbegu, kwa hiyo kama bado mnataka mtoto, sema mapema.

Hilo vumbi liache kabisa. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimetiwa vidonge vya hospitali kwa siri, na mwenye maradhi ya moyo zinaweza kumuua.

Kazini usingoje kosa la pili. Mwambie mkuu wako unafuatilia afya, inatosha. Uombe mwenzako asome mizani kwa sauti, wewe uandike. Kahawa ya barazani baada ya Isha isimamishe kwanza. Na mkeo umwambie wewe mwenyewe kuwa kosa si lake, tena usiku huu huu, maana mwanamke akigeuziwa mgongo bila maelezo hujipa jibu baya.