Chuma mamama kabla ukingo haujapinduka

Wanunuzi wengi hapa Morogoro huchagua uyoga wa mamama kwa upana: mwavuli ukiwa mkubwa, wanasema ndio umekomaa. Wakulima nao huuacha bandani siku moja zaidi wakitafuta uzito wa mzani. Mimi ninayelima na kuula karibu kila wiki nakushauri hivi: kama unautafuta kwa ajili ya afya, hasa zile antioksidanti (kemikali zinazosaidia kulinda seli za mwili zisiharibike) zinazosifiwa kila kona, achana na upana, angalia ukingo.

Inama mbele ya kiroba, ule mfuko unamoota uyoga, utazame. Mwavuli mchanga umejikunja kwenda chini na ukingo wake ni mnene. Siku zinazofuata unafunguka taratibu hadi unakaribia kunyooka, na hapo ndipo pa kuchuma. Ukichelewa, ukingo unapinduka juu, unakuwa mwembamba wenye mawimbi, unaanza kupasuka, na shina linakakamaa. Pitisha kidole juu ya mwavuli uliokaa chini ya mwenzake, kitatoka na vumbi jeupe. Hizo ni spora, mbegu zake. Nazo zinachokoza mapafu, kwa hiyo wewe unayeshinda bandani vaa barakoa, tafadhali.

"Dada, huu bado mdogo, niachie hadi kesho," huniambia mama mmoja mwenye mgahawa. Huwa namkatia mashina mawili, la huu na la uliopinduka, ayatafune yakishaiva. La pili lina nyuzi.

Suala la antioksidanti linafuata njia hiyohiyo. Kiwango chake hakikai palepale uyoga unapokua. Mwaka 2007 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo yao kuhusu uyoga wa pori uitwao Lactarius piperatus: nguvu ya antioksidanti ilikuwa kubwa pale uyoga ulipokwisha kukua lakini spora zake hazijakomaa, kisha ikashuka spora zilipokomaa. Mamama si uyoga huo, na kila aina ina mwenendo wake, lakini kuchuma kabla ya vumbi kunakupa pia ladha, ulaini na mapafu salama. Sioni sababu ya kusubiri.

Kuna antioksidanti moja ambayo ningependa kila mlaji wa uyoga aijue: ergothioneini. Mfaransa Charles Tanret aliigundua mwaka 1909 kwenye kuvu anayeshambulia nafaka. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, tunaipata kwenye chakula, na uyoga ndio wenye nyingi, mamama ukiwemo. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ujerumani walitambua protini inayoibeba na kuiingiza ndani ya seli zetu. Moto wa jikoni hauiharibu kirahisi. Maji ndiyo yanayoiondoa, kwa sababu inayeyuka humo. Sasa fikiria kawaida yetu ya kuchemsha uyoga kisha kumwaga maji! Mamama wa kulimwa hauhitaji hivyo. Suuza haraka, chanachana kwa mkono, kaanga na kitunguu na nyanya, au upike mchuzi unywe wote. Ila usiule mbichi.

Ukizidi, anika juani, upande wenye mikunjo ukitazama juu. Mwanga wa jua hugeuza ergosteroli, aina ya mafuta iliyomo kwenye uyoga, kuwa vitamini D, jambo ambalo kukausha ndani kivulini hakutakupa. Ukianza kuvunjika kwa sauti ukiukunja, tia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Na wewe unayeuguza mtu wa kisukari au presha: mpikie uyoga, ni mboga nzuri sana, lakini dawa za hospitali aendelee nazo kama alivyoandikiwa. Unga wa uyoga unaouzwa kwenye vikopo kama tiba ya kila kitu, muulize kwanza daktari wake.