Wingi wa Kiingereza: children sio tatizo, tatizo ni furniture

Mkuu umeuliza kwa nini child inakuwa children na sio childs, na ufanyeje ili hizo wingi zote zikae kichwani. Mi nakwambia children, feet, mice na wenzake usiziogope, ziko chache, ukizisikia mara kadhaa zinakaa zenyewe. Tena hiyo children ina wingi juu ya wingi, zamani iliishia na r tu, baadae watu wakaona haisikiki kama wingi wakabandika na en, ile ile iliyobaki kwenye oxen.

Shimo lenyewe liko kwingine. Kuna ofisi nilifanya kazi, nikaandika ripoti ya stoo, bosi akanirudishia imejaa viduara vya wino mwekundu: furnitures, equipments, informations, kila s ya mwisho imezungushiwa. Niliumia, maana viti vilikuwa 40, sasa viti 40 vinakuwaje umoja?

Kumbe nilikuwa naandika Kiingereza kichwa kiko kwenye Kiswahili. Sisi tunasema vifaa vingi, mizigo mingi, taarifa zote, kwa hiyo mkono unakimbilia s wenyewe. Mwingereza ye furniture anaichukulia kama sisi unga, hamna unga mmoja unga miwili, unapima ndo unahesabu. Ndo maana utasikia two pieces of furniture, na many haikai hapo, weka much au a lot of.

Nywele ndo ilinitesa zaidi. Kwetu unywele ni mmoja, nywele ni nyingi, nikawa nasema my hairs are long, watu wanacheka mi sielewi. Za kichwani zote ni hair is, hairs ni zile unazoweza kuzihesabu, mfano mbili umezikuta kwenye supu. Alafu Mwingereza huyo huyo anageuka: suruali moja, mkasi mmoja, kwake ni wingi, trousers are, scissors are, ukitaka moja useme a pair of. News nayo ina s na bado ni umoja, hiyo meza tu.

Za kawaida hazina shida, box boxes, city cities ila boy ni boys sababu kabla ya y kuna vokali. Knife inakuwa knives lakini roof ni roofs, hapo usitafute mantiki.

Na usidhani wenyewe hawachanganyikiwi. Pea, hii njegere, zamani neno lilikuwa pease, watu wakasikia s mwishoni wakadhani ni wingi, wakaikata ili wapate umoja. Ndo sisi na keep left, ule mzunguko wa barabarani, tukaifanya kipilefti, tukaona ki ya mwanzo ni kama ya kiti, kesho yake vipilefti vikazaliwa.

Mi sa hivi neno jipya siliandiki kwenye daftari peke yake, naliandika na is au are yake pembeni, hair is, trousers are, advice is. Jaribu na maneno kumi kwanza uone.